Mwaka Tuliozungumza kwa Redio

Nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa akila samaki. Wanjala huanzia mkiani, polepole, mifupa akiipanga ukingoni mwa sahani kana kwamba kuna mkaguzi atakayepita, na miaka yote hii haijambadilisha. Kichwa kimekuwa cheupe, tumbo limemtangulia, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, lakini mifupa ilikuwa pale imepangwa. Akai, rafiki yangu wa siku nyingi katika uuguzi, alikuwa amestaafu, na badala ya kukodi ukumbi mjini akachinja mbuzi na kutuita sote tuliofanya kazi naye tukutane Eliye Springs, ufukweni mwa ziwa, tushinde kutwa. Hakuniambia kwamba amemwita pia mume wangu wa zamani. "Ningekuambia, ungekuja?" aliniuliza, na kwa kuwa jibu tulilijua wote wawili, nilichukua sahani yangu nikaenda kuketi mbele ya Wanjala. "Habari za siku nyingi, Sista," akasema. Sista lilikuwa jina langu kinywani mwake hata tulipokuwa mume na mke. Nikamjibu njema, Injinia. Tukala, na waliotuzunguka wakapandisha sauti kidogo, kama watu wafanyavyo wanapojitahidi kutokusikiliza.

Muuguzi mmoja mchanga, aliyeajiriwa juzijuzi, akatutazama kwa zamu na kutuuliza kama tulifanya kazi pamoja zamani. "Hapana," Wanjala akasema huku akijifuta vidole. "Tulikuwa tumeoana." Msichana wa watu akainamia chakula chake. "Kwa redio zaidi," Wanjala akaongeza, nami nikacheka kabla ya kujizuia, kwa sababu ni kweli, na sikuwa nimewahi kusikia mtu akiisema kwa maneno machache hivyo. Msichana alidhani tunamtania. Yeye mume wake yuko Eldoret, na kila jioni humwona kwenye simu akinywa chai, humwona hata kijiko kikizunguka kikombeni. Na bado, kwa jinsi alivyoiweka simu kando ya sahani kifudifudi na kuiacha ilie, nilijua kuna mambo ambayo teknolojia haijayamaliza. Nilitaka kumweleza, nikaona ni safari ndefu kwa mtu anayekula. Naieleza hapa.

Mwaka huo nilikuwa mkunga hospitalini Lodwar, na Wanjala alikuwa injinia wa maji katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ameajiriwa na shirika moja la misaada. Tulikuwa tumeoana karibuni kule kwetu Bungoma, na kazi zote mbili zilipotokea Turkana watu wa nyumbani waliitazama ramani ukutani wakasema Mungu ametukumbuka. Kwenye ramani, kidole kimoja kinafunika Lodwar na Kakuma. Barabara hawakuijua. Siku hizo haikuwa na lami kama leo. Ilikuwa mchanga, mawe na lagga, yale makorongo makavu yanayofurika ghafla mvua ikinyesha milimani, na kwa sababu ya majambazi magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma. Aliyechelewa msafara wa asubuhi alirudi nyumbani kulala. Nyumba yangu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali, paa la mabati, na joto lake lilikufanya uombe radhi kwa dhambi ambazo hujazitenda. Kitanda nilikitoa uani kama kila mtu Lodwar, neti nikaifunga kwenye kamba ya nguo. Ndani kulikuwa na meza, jiko la mafuta ya taa, mtungi wa maji, na viti viwili. Kiti changu nilikalia. Kiti cha Wanjala niliwekea nguo nilizokunja, na rundo lilipofika juu ya egemeo nilijua kwamba ni muda mrefu sasa hajaja.

Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Shirika lake lilikuwa na ofisi ndogo mjini Lodwar yenye redio ya mawasiliano, na mara mbili kwa juma, jioni, niliruhusiwa kwenda kuzungumza naye. Mwendesha redio aliitwa Lokol, Mturkana mrefu, mpole, aliyekuwa akinipa kiti chake na kwenda kusimama dirishani, akitazama nje kwa bidii kubwa ingawa nje hapakuwa na kitu ila mbuzi na gari bovu. Heshima yake haikusaidia sana, maana redio ile ilisikika kila kituo cha shirika, kuanzia Lodwar hadi Lokichoggio. Kila aliyekuwa na kifaa begani alitusikia. Lokol angeita, "Maji Moja, Maji Moja, hapa Lodwar, unanipata? Ova," kwa maana Maji Moja ndilo lililokuwa jina la Wanjala hewani, na baada ya mvumo mrefu sauti ya mume wangu ingetoka, nyembamba, imekauka, ikisema ananipata vizuri.

"Mzima, Sista? Ova."

"Mzima. Wewe? Ova."

"Mzima. Pampu ya kisima cha tatu imekufa tena. Ova."

"Pole. Sisi jana tulizalisha mapacha. Mama yao alitoka damu nyingi lakini yuko salama. Ova."

"Kopi. Hongera. Ova."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya ndoa yetu, na kopi, yaani nimekusikia, ndilo lililokuwa jibu la kila kitu. Siku moja tu nilijitia ujasiri. Nilikuwa nimetoka zamu mbaya, tumempoteza mama na mtoto, na niliposhika kile kipaza sauti nikasema, "Nimekukosa sana, Wanjala. Ova." Redio ikavuma. Kisha sauti ya mwanamume nisiyemjua, pengine yuko Lokichoggio, ikasema, "Kopi, dada, hata sisi tumekukosa. Ova," na kicheko kikatoka vituo vyote. Lokol alizidi kutazama nje. Wanjala aliporudi hewani alisema ataniita Jumamosi. Sikurudia tena maneno kama hayo, naye hakuwahi kuyasema, na taratibu tukawa mahodari wa kupeana habari ambazo mtu yeyote angeweza kuzisikia.

Ubaya ni kwamba tabia hubebwa hadi nyumbani. Wauguzi tuna desturi ya ripoti. Anayetoka zamu humtembeza anayeingia kitanda kwa kitanda: huyu amepewa dawa, yule asipewe chakula, huyu mtazame presha. Wanjala alipopata siku zake za mapumziko na kushuka na msafara, tulipeana ripoti. Aliingia na mfuko wa nguo chafu, vumbi mpaka kwenye kope, nikampa maji akaoga, nikampa ugali na samaki, na tukiwa tunakula angenieleza kambi yake kisima kwa kisima, nami nikamweleza wodi yangu. Halafu alilala. Mara nyingi nilikuwa na zamu ya usiku, kwa hiyo nilimwacha amelala na nikamkuta amelala. Sura ya mume wangu niliyoifahamu vizuri zaidi mwaka ule ni ile iliyofumba macho, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umetoka nje ya neti na mbu wanausherehekea. Alfajiri moja nilijilaza kando yake, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimechoka kuishi hivi, na katikati ya usingizi akanijibu, "Kopi." Nilicheka mwanzoni. Baadaye nililia, si sana, kwa sababu hata kulia kunataka nguvu. Nilikuwa nimeelewa kwamba mume ninayempata mimi ni yule anayesalia baada ya kambi kushiba, na kwamba yeye naye anampata mke aliyesalia baada ya wodi. Tulikuwa tunalishana makombo, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa adabu.

Akai ndiye pekee aliyenitania waziwazi. Mume wake alikuwa mfugaji, na nusu ya mwaka alikuwa mbali na mbuzi wake huko juu, upande wa Kaaleng, hata nilidhani kwamba yeye angenielewa. Tulikuwa tunakunja shuka katika wodi ya uzazi nilipomwambia sisi wawili tunafanana. Akacheka mpaka shuka likamponyoka. "Haifanani," akasema. "Mzee yangu iko Kaaleng na mbuzi. Mvua ikinyesha, majani ikitoka, anarudi, anakaa, mpaka mimi nasema sasa enda. Yako inangoja mvua gani?" Akaokota shuka, akaniambia nishike pembe yangu vizuri, tukaendelea kukunja. Sidhani alikusudia kunifundisha chochote. Alikuwa anatania tu, maana ndivyo alivyo, lakini swali lake lilinifuata nyumbani, na kila nikimkunjia Wanjala nguo zake nililisikia.

Kwa hiyo jambo lililokuwa mbele yetu mwaka ule lilikuwa moja tu: mmoja wetu aache kazi. Tulikuwa tumekubaliana tuamue kabla ya Krismasi. Watu wa kwetu hawakuona la kuamua. Mama mkwe alinitumia salamu kwa kila aliyekuja Turkana, kwamba mke hukaa aliko mume, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto hatukuwa naye bado. Tulikuwa tunangoja ratiba zituruhusu, na ratiba hazikuwa na haraka. Lakini mwaka huohuo nilikuwa nimeanza kuaminiwa. Daktari alikuwa ananiita mimi mambo yakiharibika, na akina mama kutoka Lokitaung waliteremka kwenye lori wakiuliza kama yule Mluhya yupo. Kuacha hayo niende kukaa Kakuma kwenye chumba cha kupanga, nikingoja mtu mwingine atoke kazini, kulikuwa jambo nisilotaka hata kulifikiria. Na Wanjala naye nilimwona anavyoshika kijiko kila ninapotaja Lodwar, jinsi anavyokishika kwa nguvu. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Tukawa tunangojana kwa heshima, miezi ikapita.

Halafu mvua zikanyesha, na kipindupindu kikaingia kambini. Hospitali yetu ikaombwa wauguzi na nikajitolea kabla ya swali kumalizika. Nitasema ukweli: niliwafikiria wagonjwa, lakini nilimfikiria Wanjala kwanza. Hatimaye tungekuwa mahali pamoja. Nilifunga hata kanga mpya kwenye mkoba. Tulipofika alinipokea kwenye lango la makazi ya wafanyakazi wa shirika, akabeba mkoba wangu, na afisa wa usalama akatusimamisha. Alikuwa mtu mpole, akiniita madam. Akasema sheria ni kwamba mfanyakazi wa shirika halali nje ya makazi na mgeni halali ndani, na mgeni lazima atoke ifikapo saa kumi na mbili jioni. "Huyu si mgeni," Wanjala akamwambia. "Huyu ni mke wangu." Afisa akakuna shingo. "Najua, Injinia. Lakini kwa sheria, mke ni mgeni." Aliombwa, akamwita mkubwa wake kwa redio, mkubwa wake akasema vilevile. Nikaenda kulala kwenye gesti mjini Kakuma pamoja na wauguzi wenzangu, chumba chenye kitanda kimoja kinacholalia kushoto, na mume wangu akalala nyuma ya seng'enge ambayo ningeweza kuiona nikisimama kwenye choo cha uani.

Kazi ya kipindupindu haina muda wa kuhuzunika. Tulikuwa kwenye mahema makubwa, vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, ndoo chini, ndoo kando, dripu zikining'inia kwenye kamba, na harufu ya klorini iliyoingia mpaka kwenye chai. Aliyekuwa mkono wangu wa kulia ni Nyandeng, mwanamke wa Sudan Kusini, mrefu, na msalaba wa mbao shingoni, ambaye alitafsiri maneno ya wagonjwa na kuchanganya klorini huku akiimba nyimbo za kanisani. Siku za mwanzo hakujua mimi ni nani. Adhuhuri moja tulikuwa tumekaa kivulini, tunakula maharagwe kwenye bakuli moja, lori la maji likapita, na Nyandeng akaanza kumsifu Muhandis, yaani injinia. "Huyu mtu kuwes," akasema, mtu mwema. "Hapana lala. Usiku anatembea na tochi, anaangalia bomba. Watoto yangu anajua jina yao yote." Nikamuuliza kama huyo Muhandis ana mke. Akatafuna kwanza. "Watu nasema iko mke Lodwar. Mimi sijaona. Labda ni hadithi tu." Nikamwambia labda.

Nikamwona mwenyewe siku iliyofuata. Walikuwa wanafungua tangi jipya karibu na mahema, na Wanjala alikuwa amesimama juu yake, viatu mkononi, suruali imekunjwa, anawapigia watu kelele kwa Kiarabu cha Juba na kuchekwa matamshi. Maji yalipotoka kwenye mabomba wanawake wakapiga vigelegele, naye akatupa mikono juu na kucheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu uchumba wetu. Nilisimama na ndoo yangu. Nilishikwa na wivu, wivu wa kweli, na hapakuwa na mwanamke wa kumwonea. Nililionea wivu tangi. Nilikuwa nimejiambia mwaka mzima kwamba kazi inamchosha na siku moja itamrudisha kwangu. Kumbe hakuwa amechoka hata kidogo. Kuchoka alikuwa anakuja kuchokea kwangu. Na sidhani yeye alikuwa na ahueni, maana jioni moja nilikuwa natafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyekauka kabisa, nikaupata, dripu ikaanza kudondoka, wote mle hemani tukashusha pumzi, na nilipoinua macho nikamwona Wanjala mlangoni. Alikuwa amesimama muda. Nilipomaliza kufunga bandeji hakuwapo. Baadaye aliniambia tu, "Nilikuona. Sikutaka kukuharibia." Nilijua ameona usoni mwangu kile nilichokiona mimi kwake juu ya tangi.

Muda wangu ulipokaribia kwisha nikaongezewa. Hemani tulikuwa na redio ndogo ya mkono, na asubuhi moja nikamwita. Nilimwambia sirudi Lodwar na wenzangu, nimeongezewa, lakini Ijumaa nina nusu siku, tukutane kambini kwa Mhabeshi mchana, tule, tuzungumze lile jambo letu, Krismasi imefika. Nilisema vizuri, polepole, kama mtu anayetaja kipimo cha dawa. "Kopi, Sista," akasema. "Ova." Hoteli ya Mhabeshi ilikuwa ya mabati na turubai, sakafu imenyunyizwa maji, na mwenyewe alikaanga kahawa mbele ya wateja mpaka moshi ukajaa. Injera, ule mkate wao mpana na laini, huletwa kwenye sinia moja na watu hula pamoja, kwa hiyo niliagiza sinia la watu wawili, maana ndivyo linavyoagizwa. Nilikuwa nimevaa kanga ile mpya. Nikala upande wangu tu, kwa uangalifu, mchuzi usivuke kwenda kwake. Mhabeshi akaniletea kahawa, kisha ya pili, na kwa ukarimu akaacha kuniuliza. Ilipokuwa wazi kwamba haji, nikala na upande wake, wote, mpaka nikafuta sinia. Kisha nikarudi gesti, nikajitupa kwenye kile kitanda kilalacho kushoto, na kabla usingizi haujanichukua nikasikia ndani yangu kitu nilichokuwa sijakitarajia. Nilikuwa nimefurahi kwamba hakuja. Hakuna wa kupewa ripoti, hakuna wa kuangaliwa usoni, hakuna uamuzi. Nililala kama jiwe mpaka jioni.

Niliporudi hemani Nyandeng alikuwa ameishika redio, akaninyooshea bila kuniangalia. Sauti ilikuwa ya Akai, kutoka kwenye ofisi ya Lokol huko Lodwar, na Akai hakuwahi kujifunza kusema polepole kwenye redio, wala kuacha salamu yake ya Kiturkana. "Ejok, Sista? Mzee yako iko hapa. Nimeipata imelala kwa baraza yako, mlango imefungwa. Anasema alisahau uko Kakuma. Nimuambie nini? Ova." Hemani hakuna aliyetikisika, ila mgonjwa mmoja aliyekuwa anatapika, na huyo hakuwa na la kufanya. Vituo vyote vilikuwa vimesikia. Wanjala alikuwa amepewa siku mbili za kupumzika, akaamka asubuhi akapanda msafara kwenda kwa mke wake, kama alivyozoea, wakati mke wake alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisini kwake. Nyandeng alinitazama kwa muda mrefu. "Wewe ndio mke ya Lodwar," akasema. Nikamwambia Akai ampe ufunguo, uko kwa jirani, na ampikie chai.

Aliporudi alikuja kunitafuta moja kwa moja. Tulisimama nje ya lango la makazi yao, afisa wa usalama akitazama saa yake kwa huruma. Sura ya Wanjala ilikuwa imesawijika. Akaomba msamaha, kisha akasema ameamua: anaacha kazi. Atashuka Lodwar, atatafuta chochote, hata kufundisha, tukae nyumba moja kama watu wengine. Mwaka mzima nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimeyaota uani chini ya neti, nikiwa nimepanga hata nitakavyojibu. Na sasa yalipokuja nikamwona mtu huyu amekaa kwenye kile kiti cha pili, nguo zimeondolewa, anangoja nirudi kutoka zamu ili nimweleze wodi, na hana kisima cha kunieleza. Nikajiuliza kama mimi ningemfanyia alichotaka kunifanyia, na jibu lilikuja upesi kuliko nilivyopenda. Nikamwambia asiache. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mwanamume aliyenisahau nikiwa Kakuma atanisahau hata tukilala kitanda kimoja. Maneno makali, na yalifanya kazi yake. Aliinamisha kichwa. Saa kumi na mbili ikafika, mgeni akaondoka.

Hatukugombana baada ya hapo, na labda ndilo lililokuwa gumu. Alipata kazi kubwa zaidi ng'ambo ya mpaka, kisha nchi nyingine, na nyingine. Wazee wa pande zote mbili walikaa kwetu Bungoma, wakauliza nani amemkosea mwenzake, alipigwa, alinyimwa, alionewa, na kila tulipoulizwa tulisema hapana. Mjomba wangu alikasirika, akasema ndoa haiwezi kufa bila ugonjwa. Mimi nilibaki Lodwar. Nimezalisha watoto ambao sasa wana watoto, nimekuwa mkuu wa wodi, nimejenga. Sijutii kazi, nasema hivyo bila kupepesa macho. Lakini kwa miaka yote hiyo kila nilipoulizwa ndoa yangu iliishaje nilikuwa na hadithi moja, na niliipenda kwa sababu ilikuwa fupi na ilimwacha kila msikilizaji upande wangu: mume wangu alinisahau. Watu walitikisa kichwa. Wengine walinishika mkono.

Pale Eliye Springs, watu walipokwisha kula na kushuka majini, mimi na Wanjala tulibaki mezani. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha leso za karatasi naye akawa anaziokota. Akaniambia anapumzika kazi mwaka huu, magoti hayakubali tena, amepanga nyumba Kitale na hajui afanye nini asubuhi. Nikamwambia atazoea. Akaokota leso nyingine. "Kuna jambo sijawahi kukuambia," akasema. "Ile Ijumaa. Asubuhi nilisahau, hilo ni kweli, nilipanda gari nikiwa nimesahau. Lakini tulifika kwenye lagga, maji yamejaa, msafara ukasimama kungoja yapungue, na hapo nikakumbuka. Uko kwa Mhabeshi. Kulikuwa na lori linarudi Kakuma, dereva ananijua, akaniuliza kama napanda. Ningekukuta."

"Hukupanda," nikasema.

"Sikupanda. Nilikuwa nataka mahali ambapo hakuna mtu ananingoja. Nikajua nyumba yako imefungwa. Ndiyo maana nikaenda." Alikuwa anaikunja leso ya karatasi, mara mbili, mara nne. "Halafu nikasema nilisahau, kwa sababu kusahau ni afadhali."

Niliitafuta hasira. Nilikuwa na haki nayo, na niliitafuta kwa uaminifu, kila mahali ninapoiweka, nisiione. Nilichokipata kilikuwa uchovu wa zamani, na chini yake kitu kama nafuu, kama mtu anapofungua kiatu kilichombana safari nzima. Akai alikuwa anatuita kutoka majini, sketi ameikunja mpaka magotini, anasema wazee gani hawa wanaogopa maji. Nikamuuliza Wanjala kama siku ile, pale barazani, alipata usingizi.

"Mpaka Akai aliponiamsha," akasema. "Sijawahi kulala vile tena."

"Hata mimi," nikamwambia.